Kiwanja cha pave mbele ya depo: namna ya kukipanga, kukijenga na kukitumia



Kila mwaka, mvua ikianza kukaza, tunasikia lalamiko lile lile toka koperative mbalimbali za Kivu. Kamio inafika mpaka kwenye kona ya barabara, halafu inakwama. Mifuko inabebwa mgongoni katika matope, mingine inaanguka, mingine inawekwa chini kidogo tu ili mtu apumzike. Ile mahindi iliyokauka vizuri inanyonya maji tena. Kisha juma mbili, mfuko ukifunguliwa, kunatoka harufu ya ukungu, na mununuzi anapunguza bei ao anakataa kabisa. Kazi ya miezi mine inaharibika katika metre 20 za mwisho.

Juu ya hiyo, koperative mingi zinauliza: tuweke pave mbele ya depo? Ni swali nzuri. Lakini pave ni feza mingi, na tumeona viwanja ambavyo vimezama na kufunguka mbele ya mwaka wa pili kuisha. Mara mingi pave zenyewe hazikuvunjika. Kilichoshindwa ni kile kilicho chini yake, ao maji ambayo hayakupewa njia. Katika habari hii tunaeleza kazi yote toka mwanzo, pamoja na hesabu, ili kamati ijue namna ya kuzungumza na fundi, na ili mkutano mkuu uweze kuamua ukiwa na macho wazi.

Pave zinashikana namna gani?

Pave ni tofali dogo la beto, lililotengenezwa kwa simenti, mchanga na changarawe. Halijengwi kwa simenti chini yake. Linalazwa juu ya mchanga, moja kando ya lingine, na katikati yake kunaingizwa mchanga mwembamba uliokauka. Watu wengi hawaamini wakisikia hivyo. Wanasema: bila simenti, kitu kitashikilia nini?

Fikiri watu waliobanana nyuma ya kamio. Gari likiyumba, hakuna anayeanguka, sababu kila mmoja anaegemea mwenzake, na ubao wa kamio unawazuia wote wasimwagike inje. Pave ni vile vile. Gurudumu likikanyaga pave moja, ule mchanga wa katikati unapeleka uzito kwa pave za kando, na zile zinapeleka kwa zingine. Uzito wa gurudumu moja unabebwa na pave nyingi. Lakini ondoa ubao wa kamio, watu wote wataanguka. Ubao huo katika kiwanja ni bordire, ile kingo ya beto inayozunguka pande zote. Kiwanja bila bordire kinafunguka taratibu, kila siku kidogo, mpaka pave zinaanza kucheza kama meno ya mzee.

Njia hii si ya leo. Kisha vita vya pili vya dunia, watu wa Uholanzi walikosa matofali ya udongo kwa barabara zao, sababu matofali yalihitajika kwa kujenga upya nyumba zilizobomoka. Wakaanza kutengeneza tofali za beto zenye kipimo kile kile. Toka hapo pave za beto zilienea, na leo tunaziona katika miji yetu pia.

Faida yake kubwa kwa koperative ni hii: kiwanja cha pave kinaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Kama sehemu moja imezama, ao kama munataka kupitisha tiyo ya maji chini, munatoa pave, munatengeneza, munarudisha pave zile zile. Sakafu ya beto ikipasuka, kazi ni kuvunja na kutupa.

Mbele ya kuamua: maswali matano

1. *Udongo ni wa nani?* Kiwanja cha metre 10 kwa 15 kina pave zenye uzito wa karibu tani 29. Musimwage tani 29 juu ya kiwanja ambacho karatasi zake zina ubishi. Kama munapanga kwa mtu, muandikiane mbele ya mashahidi kwamba pave ni mali ya koperative na kwamba munaweza kuziondoa siku mutakapohama.

2. *Kamio inaweza kufika?* Kama shida iko kwenye barabara, kilometre moja mbele ya depo, pave hazitasaidia kitu. Salongo ya kufungua mifereji ya barabara inaweza kuwa na faida kubwa zaidi, na bei yake ni ndogo.

3. *Depo yenyewe iko sawa?* Kama bati linavuja na mifuko inalala chini bila paleti ya mbao, anzeni hapo.

4. *Munataka kiwanja kwa kazi gani?* Kupakia na kushusha mizigo ni kazi moja. Kuanika mavuno ni kazi ingine. Tutarudi kwa swali hili, sababu hapa ndipo watu wengi wanadanganyika.

5. *Maji yataenda wapi?* Kama hakuna mtu katika kamati anayeweza kujibu swali hili kwa kuonyesha kwa kidole, musinunue hata mfuko mmoja wa simenti.

Pave na kuanika mavuno

Tuseme wazi: kiwanja cha pave ni kizuri sana kwa kamio, brueti, mizani na mifuko. Kwa kuanika, kinasaidia, lakini si peke yake. Kati ya pave kuna mchanga. Mama akimwaga koseti za muhogo moja kwa moja juu ya pave, atakusanya muhogo pamoja na mchanga, na unga utalia katika meno. Kwa hiyo, juu ya pave lazima bashi. Faida ya pave hapo ni kwamba chini ya bashi ni pakavu, hakuna matope wala majiwe makali ya kuitoboa, na mvua ikipita, kiwanja kinakauka upesi.

Kahawa iliyooshwa ikauke juu ya meza zenye wavu, hewa ipite chini na juu, mpaka unyevu ufike kati ya 11 na 12 kwa mia. Musiishushe chini juu tu ya kuwa kiwanja ni kipya na kinapendeza. Mahindi yanahitaji kushuka mpaka karibu 13 kwa mia mbele ya kuingia katika depo. Hayo yanaweza kukaukia juu ya bashi kwenye pave bila shida.

Na jambo lingine: mahali kamio inasimama, mafuta yanadondoka. Musianike chakula hapo. Gaweni kiwanja kwa sehemu mbili, kamio upande mmoja, chakula upande mwingine, na katikati wekeni mstari wa majiwe makubwa yaliyopakwa chokaa. Wakati wa kuchora mgawanyo huo, wamama wanaoanika wawe ndani ya kikundi kinachochora. Wao ndio wanajua jua linapiga wapi asubuhi, na nguruwe na kuku wanatokea upande gani.

Maji kwanza, pave baadaye

Kiwanja cha metre kare (m²) 150, mvua ya milimetre 40 ikinyesha, kinapokea litre 6.000 za maji. Kidogo tu kitapita kati ya pave, kingine chote kitakimbia juu. Bila mpango, maji hayo yataingia katika depo, ao yatachimba korongo katika shamba la jirani, na koperative itapata kesi.

Kanuni ni mwinamo wa santimetre 2 kwa kila metre, kutoka ukuta wa depo kwenda inje. Kama kiwanja kinatoka metre 10 mbele ya depo, upande wa mwisho uwe chini kwa santimetre 20. Pia kiwanja kikae chini ya sakafu ya depo kwa santimetre 15 hivi, ili maji yasiruke ndani. Kupima, munahitaji tiyo ya plastiki inayoonekana ndani, iliyojaa maji bila hewa, pamoja na vijiti na kamba. Maji katika ncha mbili za tiyo yanalala sawa siku zote, hata fundi akilewa.

Upande wa chini, jengeni kanivo, na kanivo iongoze maji mahali ambapo yatafaa. Kama wakulima, tunapenda kuona maji hayo yakienda katika mufereji wa kuzuia mmomonyoko, uliofuata usawa wa mlima na kupandwa mabingobingo ukingoni, ao katika shimo la kumwagilia pepinyere. Maji ya upande wa kamio yasiende kwenye mboga, sababu ya mafuta.

Tabaka zilizo chini

Kiwanja kizuri kina tabaka nne. Toka chini:

*Udongo wa asili.* Chimbeni, ondoeni udongo mweusi wote wenye mizizi (peleka shambani, ni mali), halafu shindilieni. Mtu akikanyaga kisigino na kikazama, toeni ule ulaini na mujaze majiwe.

*Tabaka la majiwe na changarawe.* Hili ndilo linalobeba kamio. Likiisha kushindiliwa liwe na santimetre 20. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, fanyeni 30. Lisimwagwe lote kwa mara moja. Mwageni santimetre 10, mwagieni maji kidogo, shindilieni mpaka dame inaruka na kutoa sauti kavu, kisha ongezeni zingine 10. Kama fundi anataka kumaliza kwa siku moja, ni hapa ndipo ataiba muda, na nyinyi hamtaona kitu mpaka mvua ya kwanza.

*Mchanga wa kulalia.* Mchanga mnene na safi wa mto. Mwageni santimetre 4, baada ya kushindilia pave utabaki 3. Musiutumie kwa kusawazisha mashimo ya tabaka la chini. Mahali mchanga ni mwingi, ndipo kiwanja kitazama. Kama tabaka la majiwe lina bonde, jazeni bonde kwa changarawe.

*Pave.* Kwa kamio, unene wa santimetre 8. Kwa watu, brueti na pikipiki tu, 6 zinatosha.

Kupima mchanga: jazeni chupa nusu ya mchanga, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu, muiache mpaka kesho. Kama juu ya mchanga kunalala tabaka nene la matope, ule mchanga uoshwe kwanza ao ubadilishwe.

Kwa wale wa upande wa Goma na Rutshuru, majiwe ya volkano ni mengi na bei si kali. Lakini chagueni. Lile jiwe jepesi lenye matundu mengi kama mkate linanyonya maji na kupondeka. Kwa beto ya pave, tafuteni jiwe la volkano lililo zito, lenye matundu machache, lililopondwa mpaka punje zisizopita milimetre 10.

Kutengeneza pave wenyewe, ao kununua?

Pave moja ya santimetre 20 kwa 10, yenye unene wa 8, ina uzito wa karibu kilo 3,7. Kama mji uko mbali, usafiri utakula feza kushinda simenti. Koperative zilizo ndani sana zinapata faida kwa kutengeneza kwenyewe, kama ziko na kalibu imara na mtu mmoja anayesimamia kila siku.

Mchanganyo: simenti 1, mchanga 1 na nusu, changarawe 3. Musipime kwa pawa, sababu pawa la asubuhi si pawa la saa nane. Tengenezeni sanduku la mbao lenye urefu wa santimetre 40, upana 35 na kina 25 kwa ndani. Hilo linachukua litre 35, na mfuko mmoja wa kilo 50 unajaa humo. Kwa mfuko mmoja wa simenti, weka sanduku moja na nusu la mchanga na masanduku matatu ya changarawe. Maji, kati ya litre 20 na 25, si zaidi. Beto ikiminywa katika mkono, ishikane kama donge la bugali bila kuchuruzika.

Mfuko mmoja hivyo unatoa litre 125 za beto, ndiyo kusema pave 78 za unene wa 8, ao pave 104 za unene wa 6. Shikeni namba hizi kichwani. Mtu akija kuwaambia kwamba yeye anatoa pave 150 za unene wa 8 kwa mfuko mmoja, musifurahi. Simenti imepunguzwa karibu nusu.

Kisha kutoka katika kalibu, pave zikae kwenye kivuli, zifunikwe kwa plastiki, magunia ya maji ao majani ya migomba, na zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa. Beto haikauki kama nguo. Inakomaa kwa maji. Pave iliyoachwa juani siku ya kwanza inaonekana ngumu kwa macho, lakini ndani ni unga. Kamio isikanyage pave zenye umri wa chini ya siku 28.

Kama munanunua, jaribuni hivi: gonganisha pave mbili, zitoe sauti kali kama ya chuma. Kwaruza kwa musumari, usichimbe. Achilia moja toka usawa wa kiuno juu ya udongo mgumu, isivunjike. Pangeni kumi sakafuni, tofauti ya unene isipite milimetre 3. Kisha hesabuni zote mbele ya kulipa.

Hesabu ya kiwanja cha metre 15 kwa 10

Tuchukue kiwanja cha m² 150, upande mmoja umegusana na ukuta wa depo, pave zote za unene wa 8.

- Kuchimba: 20 + 3 + 8 = santimetre 31, ndiyo metre kibe (m³) 46 na nusu za udongo.
- Tabaka la majiwe na changarawe: m³ 30 zikishindiliwa. Agizeni karibu m³ 38 za kumwaga.
- Pave: 50 kwa kila m², ni 7.500. Ongezeni 5 kwa mia za kukata, za kuvunjika na za akiba: zote 7.875.
- Simenti ya pave: 7.875 kugawa kwa 78, ni mifuko 101.
- Bordire pande tatu, metre 35, pamoja na beto inayoishikilia: karibu mifuko 12.
- Mchanga: karibu m³ 5 na robo kwa beto ya pave, 6 za kulalia, na nusu moja ya kuingiza katikati ya pave. Pamoja, karibu m³ 12, bila ule wa bordire.
- Changarawe ya beto ya pave: karibu m³ 10 na nusu.

Musiandike bei toka kichwani. Tumeni watu wawili kwa wauzaji watatu, warudi na karatasi tatu za bei, kamati ilinganishe.

Wamoja watauliza: upande wa kuanika, si tuweke pave za unene wa 6 ili kupunguza? Tupige hesabu. Kama m² 90 ni za kamio na m² 60 ni za kuanika, munahitaji pave 4.725 nene na 3.150 nyembamba, ndiyo mifuko 61 na 31, jumla 92. Munaokoa mifuko 9. Lakini tabaka za chini zitakuwa na usawa mbili, fundi anaweza kuchanganya pave, na siku shofere akirudi nyuma bila kuangalia, upande mwembamba utavunjika. Sisi tungeweka unene mmoja, isipokuwa kama majiwe ya katikati yanaweza kweli kuzuia kamio isipite. Uamuzi ni wa koperative.

Kulaza pave

Jengeni bordire kwanza, siyo mwisho. Izikwe katika beto, na ipumzike juma moja mbele ya kazi ingine.

Tafuteni kona ya mraba kwa kamba: metre 3 upande mmoja, metre 4 upande mwingine, na toka ncha mpaka ncha iwe metre 5 kamili. Kama si 5, kona imepinda, na mistari yote itapinda nayo.

Wekeni vyuma viwili vya usawa mmoja chini, mwageni mchanga katikati, pitisheni ubao ulionyooka juu yake. Ondoeni vyuma, jazeni mifereji yake. Kuanzia hapo, mtu asikanyage mchanga. Fundi anasimama juu ya pave alizokwisha kulaza, anaenda mbele.

Mpangilio ni jambo kubwa. Upande wa kamio, lazeni pave namna ya mifupa ya samaki, moja imelala, moja imesimama, zinaingiliana. Gurudumu likisukuma ao likifunga breki, hakuna mstari ulionyooka wa kuteleza. Mistari ya kawaida kama ukuta wa tofali inafaa mahali pa watu tu.

Kati ya pave na pave acheni milimetre 2 mpaka 5. Zikigusana kabisa, mchanga hautaingia na kingo zitapasuka. Pembeni, vipande vilivyokatwa visiwe vidogo kuliko sehemu ya tatu ya pave.

Kisha mumwage mchanga mwembamba uliokauka, mufagie mpaka uingie, mushindilie kwa mashine ya sahani. Kama mashine haiko, tumieni ubao mnene juu ya pave na dame nzito juu ya ubao, polepole, sehemu kwa sehemu. Fagieni tena, shindilieni tena, mpaka mchanga hauingii. Kando ya kanivo, pave zibaki juu kidogo, milimetre 5 hivi, sababu zitashuka kidogo na maji yasikwame hapo.

Fundi akitaka kumwaga simenti ya maji katikati ya pave ili “zishike vizuri”, mumukataze kwa heshima. Kiwanja kitageuka sakafu ngumu, kitapasuka, na hamutaweza tena kutoa pave bila kuzivunja. Mutakuwa mumelipa bei ya pave na kupata ubaya wa beto.

Wakati gani?

Kwetu Kivu, kazi ya udongo ifanyike kiangazi, toka mwezi wa 6 mpaka wa 8. Pave zianze kutengenezwa mwezi wa 5 chini ya hangari, ili zitimize siku 28. Kuchimba na kushindilia mwezi wa 6, kulaza mwezi wa 7. Mvua ya mwezi wa 9 ikija, kiwanja kiko tayari, na mavuno ya msimu A yatakuta pakavu.

Kukitumia na kukitunza

Juma chache kisha mvua ya kwanza, mchanga wa katikati utashuka. Rudisheni mchanga, mufagie. Hii ni kazi ya asubuhi moja, lakini koperative mingi zinaisahau, na ndipo pave zinaanza kucheza.

Ng'oeni majani yangali madogo. Kanivo ifagiliwe kila juma wakati wa mvua. Mashofere waambiwe wasigeuze magurudumu gari likiwa limesimama, na jeki iwekwe juu ya ubao. Mafuta yakimwagika, mwageni majivu ao unga wa mbao mara moja, kisha mufagie.

Pakizama, musiongeze simenti juu. Toeni pave za sehemu ile na nusu metre kuizunguka, mutafute sababu (mara mingi ni maji yanayopita chini), mujaze changarawe, mushindilie, murudishe mchanga na pave. Zile pave za akiba ziwekwe katika depo, zihesabiwe katika daftari kama mali ingine. Pave ya akiba inapenda kutembea usiku.

Feza za wanamemba, macho ya wanamemba

Mifuko zaidi ya 110 ya simenti ni mchango wa watu wengi waliouza mahindi na maharagi yao. Chagueni watu watatu ambao si ndugu wa fundi: mmoja ashike ufunguo wa simenti, mmoja aandike kila mfuko unaotoka na pave ngapi zimetokea, mmoja apime tabaka kila jioni kwa metre na kamba. Kama jioni moja daftari linaonyesha mifuko 5 na pave 250, uliza palepale, si mwisho wa mwezi: mifuko 5 ingepaswa kutoa karibu 390.

Kazi ya salongo ihesabiwe pia. Mama aliyebeba mchanga siku sita ametoa mchango, hata kama hakutoa faranga. Jina lake liandikwe katika daftari lile lile.

Kwa mkutano wenu ujao, tunawaomba mujibu pamoja maswali matano ya hapo juu, na muende wote kusimama mbele ya depo siku mvua inanyesha. Muone maji yanatoka wapi na yanaenda wapi, mupige vijiti hapo. Vijiti hivyo ndivyo mwanzo wa plani yenu, na agronomi wa eneo lenu atawasaidia kuichora kwenye karatasi.

Tunawatakia kazi njema na mavuno makavu.